Mama Dharura

Kwa miaka mingi Fundi alilala jicho moja wazi. Mama yake mzazi alikuwa na mapafu mabovu, akawekewa kitanda katika chumba cha pili, na Fundi akazoea kumsikiliza kupitia ukutani: pumzi hii nzito, hii nyepesi, hii imekwama, amka ukamnyanyue. Mchana alishona nguo za watu, usiku alimuuguza mama. Mama alipofariki nyumba ilipoa, lakini Fundi hakujua namna ya kuacha kusikiliza. Alfajiri aliamka akasimama kwenye mlango wa chumba kitupu. Friji ikinguruma aliisikiliza, na ikinyamaza ghafla roho ilimruka.

Mumewe, fundi bomba, mtu mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache, aliyaona hayo akakosa la kufanya. Bomba lililopasuka alilijua. Hili hakulijua. Siku moja akarudi kutoka kwa mteja ambaye mbwa wake alikuwa amezaa, akafungua sanduku lake la vifaa katikati ya sebule, na mle ndani, kati ya spana na misumeno, kijibwa wa kahawia alikuwa amelala fofofo.

"Nimekuletea wa kumsikiliza," alisema.

Kijibwa alikuwa na doa jeusi la duara katikati ya paji la uso, mithili ya kifungo cha koti kilichoshonwa vizuri. Fundi akamwita Kifungo papo hapo.

"Kifungo!" Wifi yake aliangua kicheko. "Umejihukumu mwenyewe, wifi. Kifungo cha maisha, hakuna rufaa."

Huyu wifi alikuwa dada mdogo wa fundi bomba. Aliuza simu katika duka moja mjini, na alikuja kukaa nao wakati wa msiba, "kwa muda tu," kisha huo muda ukaota mizizi. Mdomo wake haukujua likizo. Alimtania kaka yake, akawatania wateja wa Fundi, akazitania mpaka nguo zilizokuwa zimetundikwa zikisubiri wenyewe. Kifungo alipoingia nyumbani, Wifi akapata kazi mpya.

Maana Fundi alikuwa ameanza kukimbilia hospitali. Mara ya kwanza kifua cha kijibwa kilikuwa kikirukaruka huku akitoa mlio mdogo wa ajabu. Fundi aliacha nguo kwenye cherehani sindano ikiwa imezama, akakimbilia kliniki ya wanyama iliyokuwa barabara ya pili, mguuni kavaa ndara moja yake na moja ya mumewe. Daktari alimweka Kifungo mezani, akamtazama kidogo, akasema, "Ana kwikwi." Mara ya pili alikuwa akitikisa miguu na kulia usingizini, daktari akaeleza kwamba mbwa nao huota. Mara ya tatu Fundi aliokota jino sakafuni, akalifunga kwenye kitambaa, akalipeleka pamoja na mbwa mwenyewe. Lilikuwa jino la utoto. Dada wa mapokezi alijikaza asicheke, akashindwa, akainama chini ya meza kujifanya anatafuta kalamu.

Jioni hiyo Wifi aliisimulia habari ya jino katika kundi la ukoo la simu, akatia chumvi pale palipopungua. Tangu hapo Fundi akawa Mama Dharura. Shangazi za mumewe walimsalimia hivyo. Wateja wakalidaka. Hata fundi bomba, siku moja akiwa amejisahau, alisema, "Mama Dharura, chai iko tayari?" na Fundi akacheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka utani wa ukoo huambiwa ana kiburi. Lakini moyoni jina lile lilimchoma. Akaapa kwamba hatampeleka tena yule mbwa kwa daktari mpaka mbwa mwenyewe aombe kwa kinywa chake.

*

Jumamosi moja asubuhi, Kifungo alitapika povu jeupe karibu na mlango. Fundi alilipangusa, akamtazama. Kijibwa alitikisa mkia, akazunguka, akajilaza chini ya meza ya kukatia nguo. Si kitu, Fundi alijiambia. Amekula majani. Kwikwi nazo hazikuwa kitu.

Alikuwa na kazi nyingi. Nguo za wasimamizi wa harusi zilikuwa zinasubiri mikono, mikono yenye marinda mabegani, kazi ya kuvuta uzi polepole mpaka kitambaa kijikusanye sawasawa. Alining'iniza futi ya kupimia shingoni akaketi. Kila aliponyanyua mguu kwenye kanyagio alimsikia Kifungo chini ya meza akimeza mate. Haikujulikana kwa nini mbwa ameze mate hivyo. Fundi akaongeza mwendo wa cherehani ili asisikie.

Kabla ya adhuhuri alikuja mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi, kujaribu gauni. Kwa kawaida Kifungo alimpokea kwa kumng'ata kamba za viatu, na mwalimu alijifanya kukasirika. Siku hiyo hakutoka chini ya meza.

"Leo askari wako kagoma?" mwalimu aliuliza huku akigeuka mbele ya kioo.

"Amechoka tu."

"Hebu mwite."

Fundi alimwita. Kijibwa aliinua kichwa, akakirudisha chini. Fundi aliinama akamsogezea kipande cha nyama kilichobaki jana, kile ambacho siku nyingine kingeondoka na kidole. Kifungo alikinusa, akageuza uso. Kisha akatapika tena, safari hii maji ya njano.

Mwalimu alikuwa na uso wa huruma. "Si umpeleke kwa daktari?"

"Wewe nawe," Fundi alijibu, akilazimisha kicheko. "Unataka niitwe jina gani tena?"

Mwalimu akaenda zake. Fundi akasimama kwenye dirisha. Alijua kwamba Jumamosi kliniki hufungwa adhuhuri, na Jumapili haifunguliwi kabisa. Alikuwa bado na muda wa kufika kwa miguu. Aliichukua simu, akaiweka. Akamwona dada wa mapokezi akiinama kutafuta kalamu. Akamsikia Wifi akisimulia, na shangazi wakicheka kwa sauti zile za kurekodiwa. Akampigia mumewe badala ya daktari.

Fundi bomba alikuwa mahali fulani chini ya sinki la mtu; sauti yake ilitoka na mwangwi. "Ametapika mara ngapi?"

"Mara mbili. Hataki kula."

"Mpe maji ya sukari kidogo. Subiri tuone. Unakumbuka siku ya kwikwi?"

"Nakumbuka."

"Basi. Nitawahi kurudi."

Alimpa maji ya sukari, na adhuhuri ikapita. Kutoka pale dirishani hakuweza kuiona kliniki, lakini aliijua ile dakika ambayo mlango wake wa chuma ungekuwa unashushwa, na ilipofika akaondoka dirishani. Hakukuwa tena na la kuamua, ndivyo alivyojiambia. Wamefunga. Akarudi kwenye marinda yake, akavuta uzi, ukakatika. Akavuta mwingine, nao ukakatika.

Kifungo alikuwa ameyanywa yale maji kwa pupa. Muda mfupi baadaye yalirudi yote. Kisha akafanya kitu ambacho Fundi hakuwahi kumwona akifanya: alisimama, akanyoosha miguu ya mbele mpaka kifua kikagusa sakafu, huku sehemu ya nyuma imeinuka juu, akakaa hivyo hivyo, akilia kwa sauti nyembamba iliyotokea puani. Aliinuka, akazunguka, akarudia.

Fundi alipiga magoti. Aliweka mkono chini ya tumbo la kijibwa, naye akaruka kwa maumivu. Tumbo lilikuwa limekaza. Akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akitazama midomo ya mama yake kila asubuhi. Fizi zilizokuwa za waridi zilikuwa zimepauka rangi ya kitambaa kilichofuliwa mno, na kavu, zikinata kidoleni.

Hapo Fundi alisahau shangazi wote.

*

Namba ya daktari ilikuwa kwenye simu yake. Alikuwa amepewa siku ya jino, na wakati ule aliichukulia kama sehemu ya mzaha. Ililia kwa muda mrefu. Mlango wa mbele ukafunguliwa, Wifi akaingia kutoka kazini na mfuko wa matunda, akiwa tayari na neno la utani mdomoni. Aliuona uso wa Fundi akalimeza.

"Daktari," Fundi alisema simu ilipopokelewa, "samahani sana kukusumbua siku ya mapumziko, ni mimi, yule wa kwikwi, najua utaona ni yale yale..."

"Fundi." Sauti ya daktari ilikuwa nzito, ya mama mtu mzima asiye na haraka. "Acha samahani. Niambie unachokiona."

Basi Fundi akaeleza. Alipoanza kueleza, hofu ilikaa pembeni. Alisema ametapika lini na lini, na rangi gani. Kwamba hata maji hayakai. Kwamba hajaenda haja kubwa tangu jana. Jinsi anavyoinama kifua chini. Tumbo, fizi, vyote. Aliweka simu kwenye kipaza sauti na kuiacha mezani ili mikono iwe huru.

"Anasimama mwenyewe?"

"Anasimama, lakini anayumba."

"Vuta ngozi ya shingoni, kisha iachie. Inarudi upesi?"

"Inarudi kivivu."

"Amechanjwa, nakumbuka. Kuna kitu amemeza? Sumu ya panya, mfupa, mpira, soksi?"

"Hapana. Sumu hatuweki. Namwangalia kila saa, daktari, hajameza kitu."

Kisha Wifi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na mfuko wake, akasema kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake, "Kuna uzi."

"Uzi gani?"

Wifi aliweka matunda chini. Machungwa mawili yakabingirika, hakuna aliyeyafuata. Alitoa simu yake, akatafuta, akamsogezea Fundi. Ilikuwa video aliyoipiga jana jioni, Fundi akiwa bafuni. Kifungo alikuwa amepata kibunda cha uzi wa buluu, anakifukuza sakafu nzima, uzi unamzunguka miguu na masikio, na sauti ya Wifi inasikika ikicheka, "Fundi mpya huyo! Leteni suruali!" Karibu na mwisho kijibwa aliketi, akaanza kutafuna, na uzi ukawa unaingia kinywani, unaingia, unaingia, jinsi mtu anavyovuta tambi.

"Nilikiokota kibunda baadaye," Wifi alisema. "Nilidhani ameutema. Niliituma kwa watu wakacheka, nikasahau. Wifi, haki ya Mungu, nilisahau."

"Daktari, umesikia?" Fundi aliuliza.

"Nimesikia. Mfungueni kinywa taratibu. Inueni ulimi, tazameni chini yake."

Wifi alishika kichwa, Fundi akaingiza kidole. Chini ya ulimi, pale nyama laini inaposhikana na kinywa, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu uliojizungusha na kuzama ndani, nyama ikiwa imevimba pande zote mbili.

"Upo," Fundi alisema. "Umenasa."

"Uko hapa, nauona, ngoja niutoe," Wifi alisema, na vidole vyake, vyenye kucha ndefu zinazoweza kufungua simu yoyote, vilikuwa vimekwisha kuukaribia.

"Usivute!" Daktari alipaza sauti mpaka simu ikakwaruza. "Mtu asiguse! Mwisho mmoja uko ulimini, mwingine uko utumboni. Ukivuta, unaukata utumbo kama waya unavyokata sabuni."

Wifi aliurudisha mkono kana kwamba ameungua.

"Sasa nisikilizeni. Msimpe maji tena, msimpe chakula, msimtapishe. Mfunikeni apate joto. Tokeni sasa hivi. Nami natoka nyumbani, nitawakuta kliniki."

"Hakuna haja ya kusubiri kidogo tuone?" Fundi aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza. Labda alitaka kulisikia jibu kutoka kwa mtu mwingine.

"Hii si ya kusubiri. Njoo."

*

Kwa miguu wangemtikisa mno, wakatoka kutafuta teksi; dereva wa kwanza alimwona mbwa akaondoka. Dereva wa pili alisimama, akatazama kijibwa aliyefungwa kwenye kanga, akaanza kusema habari za viti vyake vipya. Wifi akamwinamia dirishani. Mtu yeyote anayemjua angetegemea maneno makali, lakini alisema tu, "Kaka yangu, atakufa," na machozi yakamtoka. Dereva akafungua mlango, akatandika gazeti, na njia nzima aliendesha akikwepa mashimo kama amebeba mayai.

Daktari alikuwa akipandisha ule mlango wa chuma walipofika, kavaa nguo za nyumbani na kilemba alichofunga upande. Hakuwasalimu sana. Alimchukua Kifungo, akamwekea dripu mshipani, akampiga picha ya eksirei, kisha akawaita waione kwenye kioo cha mwanga.

"Utumbo unatakiwa ulale hivi, umetandazika," alisema, akichora kwa kidole hewani. "Sasa tazama wa kwake."

Fundi alitazama. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameshinda siku nzima akifanya kazi hiyo hiyo kwa mkono wake: uzi mmoja unashikwa mwisho huku, unavutwa kule, na kitambaa chote kinajikusanya, kinakunjamana, kinakuwa kifupi.

"Marinda," alisema.

"Marinda," daktari alikubali. "Na kila utumbo unapojaribu kusukuma, uzi unakata ndani. Inabidi nimpasue sasa. Ni mdogo, amekauka maji, na nusukaputi ina hatari zake. Siwezi kukuahidi kitu, Fundi. Lakini tukiacha mpaka Jumatatu, Jumatatu hatakuwepo."

Fundi aliulaza mkono juu ya lile doa la paji la uso. Kijibwa alimtazama kwa macho mazito.

"Mpasue," alisema. Halafu, kabla daktari hajageuka, maneno yalimtoka. "Alitapika tangu asubuhi. Nilimwona hivyo kabla hujafunga. Sikuja kwa sababu nilikuwa naona haya."

Daktari alikuwa anavaa glavu. Alisimama na glavu moja mkononi.

"Asubuhi, povu mara moja, mbwa anatikisa mkia, hata mimi ningekwambia umwangalie tu. Usijibebeshe ile ya asubuhi."

"Na ya adhuhuri?"

Daktari hakumdanganya. "Ya adhuhuri ungenipigia. Kijibwa anayetapika tena na tena, amekataa chakula, amelala tu, huyo si wa kuangaliwa. Ila umepiga, na fizi bado zina rangi kidogo." Alivaa glavu ya pili. "Siku ya kwikwi tulicheka hapa, na mimi nilicheka. Hilo nalo ni kosa. Mteja akishaona haya kuja, mimi sina ninachoweza kufanya. Haya, nipisheni."

*

Walikaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya bango la ng'ombe na kuku. Mahali palikuwa kimya, ila sauti ndogo ya vyuma kutoka chumba cha ndani. Wifi alikuwa ameshika simu iliyozimwa.

"Nimeifuta," alisema. "Ile video."

"Haya."

"Wifi, niseme nini?"

Fundi alikuwa na hasira, na alishangaa jinsi hasira ile ilivyokuwa ndogo. Ilikuwa kama kitambaa kilichokatwa kisitoshe nguo. "Uzi ni wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeuacha juu ya kiti."

"Si uzi ninaousema." Wifi alijifuta pua kwa kiganja, bila kujali wanja. "Ile wiki ya msiba, alfajiri nilikwenda msalani nikakukuta umesimama kwenye mlango wa chumba cha mama, unasikiliza. Chumba kitupu. Nilirudi kulala nikajifunika kichwa. Sikujua mtu huambiwa nini. Kulipopambazuka nikatoa utani, nawe ukacheka, nikasema kumbe hii ndiyo dawa. Basi nikaendelea. Sikujua kama imeacha kukuchekesha."

"Ilinichekesha," Fundi alisema. "Nyingine zilinichekesha. Ile ya jino hapana."

"Ile ya jino niliizidisha."

"Uliizidisha sana. Ulisema nilikuja na jino kwenye sanduku la barafu."

Wifi alitaka kucheka akalia. Fundi akamvuta, akamlaza kichwa begani, na hapo ndipo fundi bomba alipowakuta. Alikuwa ameupata ujumbe wa Wifi akaingia mbio, suruali imelowa mpaka magotini, spana bado mkononi kana kwamba palikuwa na kitu cha kukaza.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Anapasuliwa."

Alikaa upande wa pili wa mkewe, benchi likalia. "Ni mimi niliyesema subiri," alisema. "Ulinipigia, nikakwambia maji ya sukari. Maji ya sukari! Kana kwamba nilikuwa naijua hiyo kazi."

"Mimi ndiye niliyenyamaza na video," Wifi alisema.

"Mimi ndiye niliyemwona tangu asubuhi," Fundi alisema.

"Lakini ungekuja kama nisingekwambia..." fundi bomba alianza.

"Ungeniambia nini nawe ulikuwa chini ya sinki?"

Mlango wa ndani ulifunguka. Daktari alisimama pale, jasho usoni, kilemba kimeteleza zaidi. "Mkimaliza kugombania kosa," alisema, "kuna mgonjwa huku anataka kuonwa."

Kifungo alikuwa amelazwa juu ya taulo, ulimi nje, tumbo limenyolewa, mshono ukipita katikati. Fundi aliuangalia ule mshono kwa jicho la kazi kabla ya kuangalia kingine chochote. Ulikuwa wa mtu mwenye mkono mzuri. Katika kibakuli cha chuma pembeni ulikuwepo uzi wenyewe, mrefu, umefifia rangi.

"Nimeufungua utumbo sehemu mbili," daktari alieleza. "Haukuwa umetoboka. Ungetoboka, tungekuwa tunazungumza mengine. Usiku huu nalala naye hapa. Nisemeje, leo simkatii tamaa, lakini msianze kusherehekea. Utumbo ulioshonwa huweza kuachia siku za mwanzo."

"Naweza kukaa?" Fundi aliuliza.

"Huwezi. Nenda kale, ulale. Kukiwa na neno nitapiga, kusipokuwa na neno nitapiga vilevile."

Alipiga Jumapili asubuhi: amekojoa, na amenung'unika alipoguswa, jambo ambalo daktari alilisifu kana kwamba kijibwa ametoa hotuba. Siku iliyofuata walimwendea wote. Alipowaona hakuinuka, ila mkia uligonga taulo, puf, puf. Daktari alimwekea maji kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Aliyalamba. Watu wanne wazima walisimama wakamkodolea macho mpaka daktari akatazama saa yake akasema, "Yamekaa."

*

Alirudi nyumbani katikati ya wiki, kavishwa kola pana ya plastiki iliyomfanya agonge kila mguu wa meza. Fundi bomba alikuwa amepigilia rafu ya mbao ukutani, juu, na nyuzi zote zikahamia huko, pamoja na sindano, vifungo na chaki. Wifi alikuwa ameandika maneno marefu katika kundi la ukoo. Aliwaeleza shangazi habari ya uzi tangu mwanzo, bila kujitetea, na akamaliza kwa kusema kwamba jina lile aliloanzisha yeye sasa analifuta, atakayelitumia watakosana. Shangazi mkubwa alijibu kwa sauti ya kurekodiwa ya kumwombea kijibwa, ndefu mno, ambayo hakuna aliyeisikiliza mpaka mwisho.

Siku ya pili tangu arudi, Fundi aliuona mshono umelowa. Yalikuwa majimaji kidogo, mekundu hafifu, pale mwisho wa chini. Kijibwa alikuwa amekula, alikuwa amekunywa, alikuwa akimng'ata Wifi vidole vya miguu. Fundi alisimama akitazama, na ile haya ya zamani ikapanda, ikamwambia, ngoja kwanza, usiende kuchekesha watu.

Alichukua simu. "Daktari, ni Fundi. Mshono unatoa maji."

"Mlete."

Wifi alikuwa tayari anatafuta viatu. Walikwenda kwa miguu, Kifungo amebebwa kwapani na kola yake ikitazama nyuma kama tarumbeta. Dada wa mapokezi aliinuka walipoingia, akawafungulia mlango wa ndani bila kuwapanga foleni.

Daktari alipangusa mahali pale, akaminya pembeni taratibu, akanusa kipande cha pamba, akakitupa.

"Pazuri," alisema. "Majimaji ya kupona tu. Hakuna usaha, hakuna joto, uzi wangu umeshika."

Fundi alishusha pumzi. "Basi nimekusumbua bure."

"Bure ndiyo ninayoipenda," daktari alisema, akamkabidhi mbwa wake. "Niletee za bure nyingi."

Nje jua lilikuwa kali. Wifi alimpokea Kifungo, akaugeuza mwili wake umpe kivuli, na wakaanza kurudi, Fundi akihesabu kichwani mikono ya nguo za harusi ambazo bado hazijashonwa na ambazo wenyewe wangekuja kuzidai kesho.